Bugali Upungue, Mboga Iongezeke

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.)

Mkutano uliopita tuliongea juu ya mbegu na mabati. Leo tunaomba tuongee juu ya sahani.

Sisi tunaozunguka nyumba kwa nyumba, kuna neno moja tunalisikia mara nyingi sana. Mtu anatoka kituo cha afya, amepimwa damu, ameambiwa ana ugonjwa wa sukari. Tunamkuta amekaa mlangoni, anatuambia: "Munganga alinikatalia bugali. Njo nitakula nini sasa?" Ameambiwa aache bugali, wali, viazi, mkate na sukari, ale samaki, mayai, nyama na mboga za majani. Ndani ya nyumba kuna unga na chumvi.

Yanayofuata tunayajua. Mmoja anashinda na njaa mpaka jioni, halafu anakula bugali wa siku nzima kwa mara moja. Mwingine anakimbilia wali, akifikiri wali ni chakula cha mgonjwa. Wa tatu anajaribu juma moja, feza inaisha, anarudia kula kama zamani na hasemi kwa mtu, hata kwa munganga. Kwa hiyo leo tunataka kujibu lile swali la mlangoni: mtu mwenye feza kidogo anapunguzaje bugali bila kulala njaa?

Kwanza tusimtukane bugali. Wengi wenu mlipita Lugufu au Nyarugusu, kule Tanzania. Mnakumbuka posho: unga wa mahindi ndio uliokuwa mzigo, maharage na mafuta vilikuwa vya kusindikiza. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuwaleta watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na wengi waliofika walipanda mihogo mbele ya mazao mengine. Walikuwa na sababu. Muhogo unavumilia udongo uliochoka, na unangoja ardhini mpaka siku unapouhitaji. Bugali ulituvusha.

Lakini mwili hauhesabu historia, unahesabu kilichoingia. Unga wa mihogo karibu wote ni wanga, na wanga ukifika tumboni unageuka sukari ya damu. Mwenye afya, anayelima kutwa, mwili wake unaitumia. Mwenye ugonjwa wa sukari, mwili wake hauwezi kuishughulikia vizuri. Inabaki ndani ya damu, na miaka ikipita inaharibu macho, figo, na mishipa ya miguu. Kidonda kidogo cha jembe kwenye mguu kinaweza kumaliza mguu wote.

Sasa tulinganishe vitu ambavyo kila mmoja wetu anavijua. Kilo moja ya unga wa mihogo na kilo moja ya maharage makavu zinaleta nguvu karibu sawa. Lakini kilo ya unga ina protini gramu 20 hivi tu, na kilo ya maharage ina gramu 200 na zaidi. Maharage nayo yana wanga, ndiyo. Ila wanga wake umefungwa pamoja na nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari inaingia kwenye damu polepole, na tumbo linakaa limeshiba muda mrefu. Ndagala kavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao na hawana wanga. Karanga zina mafuta mengi, protini nyingi na wanga kidogo. Lengalenga, matembele na sombe vinajaza sahani bila kupandisha sukari sana.

Hapa kwetu hivi vyote tunaviita mboga. Bugali njo chakula, vingine ni vya kuchovya. Tunachoomba leo ni kugeuza kidogo: mboga iwe nyingi, bugali uisindikize.

Tunaanzaje? Tunaanzia pale ambapo hapaombi feza, yaani kwenye sukari yenyewe. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema ni vizuri mtu mzima asipite vijiko vidogo 6 hivi vya sukari kwa siku. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, umekwisha kufika. Chupa moja ya sukre, ile tunayopeana kwenye arusi na matanga, ina vijiko 8 hivi peke yake. Ukitoa kijiko kimoja kila juma, ulimi unazoea. Na ile feza ya sukari usiiache ipotee, iwekwe pembeni, ina kazi yake.

Halafu tunakwenda kwenye unga. Tuchukue mfano wa nyumba ya watu wazima 6 wanaopika kilo 14 za unga kwa juma. Wakipunguza kilo 3, feza ya kilo hizo inanunua maharage. Mtasema maharage ni ghali kuliko unga, na ni kweli. Tuseme kilo 3 za unga zinaleta kilo moja na nusu tu ya maharage. Hesabu yake ni hii: wamepoteza gramu 60 hivi za protini za unga, wamepata gramu 300 na zaidi za maharage. Nguvu iliyopungua, ukiigawa kwa watu 6 na siku 7, ni kama kijiko kimoja kikubwa cha mawese kwa kila mtu kwa siku. Njo pale ile feza ya sukari inapoingia: inanunua mawese au karanga. Anayetaka kupunguza uzito anaacha kile kijiko, anayelima anakiweka.

Tatu, tusidanganyane kwa kubadilisha jina. Ukiacha bugali ukala sahani ya wali, au mandazi matatu, au viazi vitamu vya kujaa, umebadilisha nguo tu, mtu ni yule yule. Vyote ni wanga. Ila mnaokula bugali wa mahindi mnakumbuka dona ya Tanzania, ile isiyokobolewa. Ina nyuzinyuzi zaidi kuliko unga mweupe, na mara nyingine mashine ya kusaga inatoza kidogo kwa sababu haikobolewi. Hiyo nayo ipimwe, isiliwe kwa kujaa.

Nne, tununue ndagala kwa akili ya wavuvi. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Wakati wa mbalamwezi wanapungua na bei inapanda. Wakati wa giza wanajaa na bei inashuka. Mama anayenunua wakati wa giza, akawaanika vizuri na kuwaweka pakavu, anapita wakati wa mbalamwezi bila kuhangaika. Kiganja kimoja cha ndagala ndani ya sombe au maharage kinatosha kubadilisha chungu kizima. Tena sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ili sumu ya muhogo itoke. Na mihogo ya unga tusiiharakishe: iloweke siku zake, ikauke kabisa. Kule Kwango watu wamepooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, kwa sababu ya kula mihogo michungu iliyoharakishwa, bila protini ya kutosha. Ile mboga tunayoihubiri leo inasaidia mwili hata kwa hilo.

Tano, makala. Mama mmoja atasema: "Maharagi inakula makala mingi kuliko feza ya maharagi yenyewe." Ana haki. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, weka maji mapya, funika chungu. Yataiva upesi zaidi. Pika mara moja ya mchana na jioni, na jioni uyachemshe tena vizuri kabla ya kula.

Lakini kuna jambo gumu kuliko makala. Wengi wetu tunakula kwenye sahani moja. Mgonjwa atapimaje sehemu yake wakati mikono sita iko ndani? Na akitengewa sahani yake, anajisikia kama mgeni ndani ya nyumba yake. Tumeona nyumba ambapo mama alipika vyungu viwili, akachoka, akaacha. Tumeona nyingine ambapo baba alikataa kabisa, akasema mwanaume asiyekula bugali hawezi kulima. Ushauri wetu: chungu kiwe kimoja, mboga iwe moja ya watu wote. Mgonjwa tu apakuliwe bugali wake pembeni, ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, au mbili kama anafanya kazi nzito. Mboga aile pamoja na wengine, tena aanze nayo, bugali ufuate. Baba wa nyumba akianza kufanya hivyo yeye mwenyewe, hata kama haugui, aibu inaisha siku ile ile.

Sasa tafadhali msikilize sehemu hii kuliko zote, maana hapa mtu anaweza kufa.

Watoto wadogo wasipunguziwe chakula. Tumbo lao ni dogo, wanahitaji nguvu nyingi. Wao waongezewe maharage, ndagala za kusaga na mawese ndani ya uji, bila kupunguza uji wenyewe. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha hali kadhalika. Mtu aliyekonda bila sababu, au mtoto ambaye kile kipimo cha mkono kinaonyesha manjano au nyekundu, aende kituo cha afya, asijaribu haya.

Anayejidunga insulini, au anayekunywa vidonge kama glibenklamidi, asipunguze bugali ghafla bila kumwambia munganga. Dawa ile imepimwa pamoja na chakula chake. Akipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari inaanguka. Dalili zake: jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kupiga mbio, kizunguzungu, maneno ya kuchanganyikiwa. Watu wanasema amelewa, au amerogwa. Mpeni upesi maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, kisha ale, na apelekwe kituo cha afya. Kama amezimia, msimtilie kitu mdomoni, kitamziba pumzi. Mlazeni upande na mkimbilie msaada. Kwa hiyo ndani ya nyumba ya mgonjwa wa sukari, sukari kidogo ikae kwenye kopo lake, kama dawa. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize munganga kabla ya kuongeza maharage na samaki.

Tunamalizia na mambo mawili tunayoyaleta mbele ya chama, mkayajadili.

La kwanza ni kapu la mgonjwa. Mwanachama akiugua tunampelekea unga, mchele, sukari na sabuni, na ni upendo. Tunapendekeza kwamba mwanachama aliyepimwa na kukutwa na ugonjwa wa sukari apate kapu la bei ile ile lenye vitu vingine: maharage, karanga, ndagala, chupa ya mawese na sabuni. Mfuko hauongezeki hata franka moja. Wafadhili wetu, mnapotuuliza kama mtume unga zaidi, tunawaomba kwa heshima mtuulize kwanza ni nyumba gani. Kuna nyumba ambayo unga unaiokoa, na kuna nyumba ya jirani ambayo maharage ndiyo yanaiokoa.

La pili ni gunia. Likelemba mnaijua vizuri kuliko sisi. Wakati wa mavuno maharage yanashuka bei, miezi michache baadaye yanapanda, na mwenye feza ya siku kwa siku ananunua kopo kwa kopo kwa bei ya juu. Watu kumi wakiungana wanunue magunia wakati wa mavuno, wayakaushe vizuri, wayafunge yasiingiwe na wadudu, kila mmoja anachota sehemu yake kila juma. Hapo lile swali la mlangoni linapata jibu ambalo halingoji mfadhili.

Mama mmoja alituuliza wiki iliyopita, kabla hatujaondoka kwake: "Sasa nitaanza na nini, kesho asubuhi?" Tulimwambia aanze na kijiko kimoja cha chai, na kopo moja la unga. Na ninyi tunawaambia hivyo hivyo. Juma lijalo tutapita tena kwenye nyumba zenu. Mtuambie kilichowezekana, na kilichoshindikana mtuambie pia, tukitafutie njia pamoja.