Ufunguo Uwe Mkononi Mwetu



Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari za nchi, za vizazi, mashamba, kodi na hospitali, zaingizwa katika kompyuta. Nazo kompyuta zataka nyumba, umeme usiokatika, maji ya kuzipoza, na walinzi mlangoni.

Tutazame mji wa Hamina, huko Ufini. Mwezi wa Januari 2008 kiwanda cha karatasi cha Summa kilifungwa, na wafanyakazi wakapoteza kazi zao. Mwaka 2009 kampuni ya Google ya Marekani ilikinunua kwa Euro milioni 40 hivi, na mwaka 2011 ikafungua humo kituo cha kuhifadhi habari za kompyuta. Handaki lililochimbwa zamani kuleta maji ya bahari kiwandani, leo lapoza mashine.

Sisi twaona hapo mafunzo mawili. La kwanza, kiwanda kilichokufa si gofu la kuachiwa popo. La pili, ukuta na walinzi havitoshi: mwenye ufunguo ndiye mwenye daftari.

Basi siku tutakapoletewa mkataba wa namna hii, tusishangilie jengo tu. Yatupasa kuuliza: ufunguo atashika nani? Sheria itakayotumika ni ya nani? Vijana wetu watafundishwa kuendesha mashine, au watafagia ua tu?

Tukiuliza mapema, hatutalia baadaye.

Uhuru na Kazi!