Kila Hatua Ina Gharama: Kutembea na Kuishi Vyema Baada ya Kiharusi



Mada ya leo ni kutembea baada ya kiharusi. Vijiji vingi vina mtu aliyepatwa na ugonjwa huu. Alilazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akafika akiburuta mguu mmoja. Siku za mwanzo majirani walikuja kumpa pole. Miezi ikapita. Sasa anashinda kitini mlangoni, na watu wa nyumbani wameanza kunong'ona: "Mzee amekuwa mvivu. Kutembea anaweza, ila hataki."

Neno hilo "mvivu" linastahili kujibiwa, kwa sababu linaumiza na mara nyingi si kweli.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Mara nyingi upande mmoja wa mwili hupoteza nguvu. Goti halikunjiki vizuri, na ncha ya mguu huning'inia na kukwaruza ardhi. Ili asijikwae, mgonjwa huinua nyonga na kuzungusha mguu kwa nje. Mguu wenye nguvu nao hubeba kazi ya miwili. Wataalamu waliopima oksijeni ambayo mwili hutumia wakati wa kutembea wameona kwamba, kwa umbali ule ule, aliyepata kiharusi anaweza kutumia karibu mara mbili ya nguvu za mtu asiye na ugonjwa huo. Kwa hivyo akienda dukani na kurudi akahema na kutaka kulala, mwili wake umefanya kazi ya safari mbili.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa kutembea kunachosha, mgonjwa hukaa. Akikaa, moyo na misuli hudhoofika zaidi, na siku atakayoinuka, safari ile ile itakuwa nzito kuliko jana. Mwishowe haendi kanisani wala msikitini, haendi sokoni, hahudhurii mazishi wala harusi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na msongo wa mawazo unaohitaji matibabu. Kubaki peke yake nyumbani huongeza mzigo huo.

Hospitalini kuna kipimo rahisi: mgonjwa hutembea mita 10 huku akihesabiwa sekunde. Anayechukua zaidi ya sekunde 25 kwa kawaida mwendo wake huishia ndani ya nyumba na uani. Anayemaliza kwa sekunde 12 hivi, au chini ya hapo, mara nyingi anaweza kwenda sokoni na kurudi bila kusindikizwa. Lakini jambo kubwa zaidi kumuuliza ni hili: unataka kufika wapi? Mmoja atasema shambani, mwingine atasema kwa jirani. Jibu hilo ndilo liwe lengo la mazoezi.

Yapo mambo ya kupunguza gharama ya kila hatua. Kwanza, mkongojo hushikwa kwa mkono wenye nguvu, si upande dhaifu, na husogezwa pamoja na mguu dhaifu. Kimo chake kinafaa kikifika kwenye kifundo cha mkono mgonjwa akisimama wima, mikono chini. Pili, ndala zinateleza na kuvuka. Avae viatu vinavyoshika kisigino. Tatu, mguu unaoning'inia unaweza kusaidiwa na kifaa cha kushikilia kifundo, hivyo mwulizeni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nne, kwenye ngazi, wakati wa kupanda mguu wenye nguvu hutangulia, na wakati wa kushuka mguu dhaifu hutangulia.

Mazoezi yawe mafupi na ya mara kwa mara. Leo afike mlangoni mara tatu, wiki ijayo afike langoni. Wekeni kiti au benchi katikati ya njia apumzike. Akishindwa kusema maneno machache akitembea, asimame apumzike. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na apelekwe kituo cha afya.

Anayemsaidia asimame upande dhaifu, nyuma kidogo. Asimvute kwa mkono uliopooza, kwani bega linaweza kuteguka. Pia asimfanyie kila kitu. Kikombe anachoweza kukifuata mwenyewe, aachwe akifuate, hata ikichukua dakika tano.

Jamii nayo ina sehemu yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuweza kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Makanga anayemhimiza mzee "haraka, haraka!" kwenye mlango wa matatu anahatarisha maisha yake. Mwenye duka anayeweka kiti kimoja nje humwezesha mtu kutoka nyumbani. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu anaweza kufanyiwa tathmini ya kitabibu na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mwisho, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na aliyepata mara moja anaweza kupata tena. Dawa zinywewe kila siku kama ilivyoagizwa, hata anapojisikia vizuri. Na mtu yeyote akipinda uso ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, msisubiri kukuche wala msianze kumkanda. Mkimbizeni hospitalini, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache tu za mwanzo.

Mkirudi nyumbani, mwendeeni yule anayeshinda mlangoni. Msimwulize kwa nini hatembei. Mwulizeni angependa kufika wapi, kisha mtembee naye kwa mwendo wake.