Hotuba Juu ya Kuwafundisha Vijana wa Vyuo
(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Magongo)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema machache juu ya jambo linalogusa mfuko wa chama na maisha ya watoto wetu. Twachangia karo za vijana wa vyuo, na jioni baadhi yetu, makarani na mafundi, twajitolea kuwasaidia katika masomo. Kijana akikaa nyuma kimya hata mtihani ukamshinda, hazikupotea fedha peke yake. Mwaka wake nao umekwenda, na mwaka haukopeshwi.

Vyuo vikubwa vya nchi zetu vilianzia mikononi. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa na wavulana 14, nao walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Hapa kwetu, chuo cha ufundi kilichojengwa Tudor kwa ajili ya vijana Waislamu kiligeuka Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Basi yafaa nasi tuanze somo kwa kazi, kisha tufike kwenye kanuni.

Kwanza, tuwape swali linalotoka katika mambo wayaonayo. Kwa mfano: meli imeteremsha makontena 600 ya futi 20 Kilindini. Trela moja hubeba mawili, nazo trela 40 zaenda safari tatu kila siku. Kazi itakwisha kwa siku ngapi? Kwa hesabu ni siku mbili na nusu. Lakini mwalimu asiishie hapo, na aulize, "Mbona huenda isiishe?" Hapo kijana anayekaa kando ya barabara ya uwanja wa ndege atataja foleni, pancha, na karatasi za forodha zilizochelewa. Amekwisha ingia katika somo bila kusukumwa.

Pili, tukiuliza tunyamaze. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza mwaka 1974 kwamba walimu aliowachunguza walingoja kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Walipozoea kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Dawa hii haina gharama, ila inataka subira.

Tatu, kila mmoja afikiri peke yake, azungumze na jirani yake, ndipo wawaeleze wote. Mwalimu Frank Lyman wa Maryland aliieleza njia hii mwaka 1981. Kwetu ina faida moja zaidi: wawili hao waweza kulichambua jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha wakalisema kwa Kiingereza cha mtihani. Wengi wanaodhaniwa hawana akili, hawana maneno tu.

Nne, kabla ya kuondoka kila mwanafunzi aandike katika kipande cha karatasi jambo moja alilolielewa na moja lililomtatiza, bila jina. Mwalimu akivisoma usiku huo, atajua kesho aanzie wapi.

Najua wako wazee wanaosema kwamba kijana mwenye kuuliza sana hana adabu. Kwa heshima nasema, kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Adabu ni namna ya kuuliza, nayo hufundishwa. Wako pia walimu wasemao muhtasari ni mrefu, nafasi ya mazungumzo haipatikani. Ni kweli kwamba kwa njia hizi sura chache zitapita kwa juma moja. Lakini sura iliyosomwa mbele ya watu waliolala itabidi isomwe tena, na muda huo wa pili hatunao.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. La kwanza, wanaojitolea kufundisha wakutane mara moja kila mwezi, mmoja afundishe na wenzake watazame, kisha washauriane. La pili, kila mwanachama aliye fundi amruhusu kijana mmoja aje kutazama kazi yake, akaulize maswali.

Tukifanya hivyo, hesabu ya mwakani haitaonyesha karo zilizolipwa tu, bali na vijana waliofaulu.