Injini ya Mtumbwi Inayokohoa

Fungueni daftari zenu. Somo la leo ni juu ya injini ya petroli inayofungwa nyuma ya mtumbwi. Nasema hasa na ninyi mnaovua katika Ziwa Viktoria, kutoka Musoma na Ukerewe mpaka Bukoba. Injini nyingi za huko ni za zamani, za mipigo miwili, yaani zile zinazotiwa petroli iliyochanganywa na oili.

Injini ya namna hii haina mahali pa kuwekea oili kama ilivyo injini ya gari. Oili yake imo ndani ya petroli. Kwa hiyo petroli ikifika kidogo, oili nayo hufika kidogo, na vyuma husagana vikavu. Hiyo ndiyo sababu injini inayokohoa, au kama mafundi wasemavyo, inayomisi, isilazimishwe. Mtu akiongeza mwendo tu, pistoni huweza kuungua. Naye yuko mbali na nchi kavu, na upepo unaanza kuvuma.

Basi tutafute ubovu kwa utaratibu. Tutaanza na mambo yasiyo na gharama.

1. Petroli. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza nguvu. Tena huenda ina maji. Chota kidogo kutoka chini ya tangi, utie katika chupa safi, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini nawe utayaona. Halafu soma kitabu cha injini ujue kipimo cha oili. Injini nyingi za zamani sana hutaka oili lita 1 kwa petroli lita 25 hivi. Nyingi za baadaye hutaka lita 1 kwa lita 50. Oili iwe ya injini za boti za mipigo miwili, si ile ya gari.

2. Njia ya petroli. Je, tundu la hewa katika kifuniko cha tangi liko wazi? Likifungwa, injini huenda kidogo kisha huzimika. Tazama kama mpira wa petroli una nyufa. Injini ikianza kufifia, mwenzako abonyeze lile tufe la mpira la kusukumia petroli. Ikipata nguvu, ubovu uko kabla ya kabureta: mpira unavuta hewa, chujio limeziba, au pampu ya petroli ni dhaifu. Isipobadilika, vuta choki kidogo. Choki ikiisaidia, huenda kabureta ina uchafu. Isafishwe.

3. Plagi. Zima injini, ipoe, ufungue plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia ni dalili njema. Nyeusi iliyolowa ina maana kwamba silinda ile haichomi vizuri, au oili imezidi. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya hatari: injini inapata joto mno, na huenda petroli haitoshi. Ikiwa injini ina silinda mbili na plagi moja tu imelowa, zibadilishane mahali. Ubovu ukihama pamoja na plagi, nunua plagi. Ukibaki pale pale, mwite fundi atazame waya, koili na silinda. Usijaribu cheche karibu na petroli iliyomwagika.

4. Maji ya kupoza. Injini nyingi hutoa mchirizi wa maji nyuma zinapofanya kazi. Usipouona, zima mara moja. Kama tundu limeziba kwa mchanga au majani, lichokoe kwa waya mwembamba. Wala usiwashe injini juu ya nchi kavu bila maji, maana gurudumu la mpira lililo ndani ya pampu huharibika upesi.

Sasa sikieni kanuni moja. Badili kitu kimoja tu, kisha jaribu. Mtu akibadili plagi, mpira na kabureta kwa pamoja, injini ikapona, hatajua dawa ilikuwa ipi. Atakuwa ametupa fedha. Andika katika daftari tarehe, ulichokiona na ulichobadili. Hapo ndipo faida ya kusoma na kuandika inapoonekana.

Majaribio haya yafanyeni ufukoni, injini ikiwa ndani ya maji, mtumbwi umefungwa. Na siku ya kwenda kuvua, chukueni makasia na jaketi za kuokolea, hata kama injini imepona.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini petroli ikipungua, oili nayo hupungua?
2. Una petroli lita 20. Utatia oili kiasi gani ikiwa kipimo ni lita 1 kwa lita 50? Na ikiwa ni lita 1 kwa lita 25? (Majibu: mililita 400, mililita 800.)
3. Plagi nyeupe inakuonya nini?