Maji na Umeme katika Ukataji wa Mawe

Msumeno wa umeme wa kukatia mawe hutiliwa maji ili upoe na vumbi litulie. Vumbi la itale na zege lina silika, iletayo maradhi ya mapafu yasiyoponyeka. Jiwe letu la matumbawe ni chokaa zaidi. Maji, basi, yasiachwe. Lakini maji hayo hayo yaweza kuufikisha umeme wa volti 230 mkononi mwa fundi. Msumeno uunganishwe kupitia kifaa kinachokata umeme chenyewe uvujapo miliampea 30, nacho kijaribiwe kila asubuhi kwa kitufe chake. Maungio ya waya yaning'inizwe, mbali na dimbwi. Viatu vya mpira, ambavyo mafundi wengi huvitegemea, havitoshi. Tope lizolewe lingali bichi. Likikauka huwa vumbi tena.