Maua ya Siku ya Majaji

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, na Rais John Magufuli akaonekana Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, hatua chache kutoka Ikulu, akizoa taka kwa mikono yake. Ikafuata Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi: kila mtu na fagio lake, maduka ya Kariakoo yakichelewa kufunguliwa. Wizara ya Afya nayo ina mashindano yake ya usafi wa mazingira tangu mwaka 1988, na mji wa Moshi umeyashinda mara nyingi.

Wakiulizwa kwa nini si wao, wana Dar es Salaam wana jibu la haraka: Moshi haina Feri. Kuna ukweli hapo. Samaki wanaparuliwa tangu alfajiri, maji ya barafu yanatiririka na magamba, abiria wa Kigamboni wanamiminika kutoka kwenye pantoni, na upepo wa chumvi unababua mche wowote laini. Lakini mwendo mfupi tu kutoka hapo ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na miti bado imesimama. Bahari basi isisingiziwe.

Tatizo ni kwamba majaji wa mashindano huja siku moja. Juzi yake maua hutolewa kwenye viriba, mawe yakapakwa chokaa, kikombe kikachukuliwa. Jua la Januari likiwaka, anayemwagilia ni mama lishe, tena kwa maji ya kununua kwa ndoo. Mimi ningewaleta majaji Feri mwezi Februari, bila kupiga simu, na bahasha ya zawadi ningempa mwenye ndoo.