Ishara za mwamuzi: lugha moja uwanjani



Jumamosi vijana wa kambi watacheza mpira na vijana wa kijiji kilichowapokea. Majumbani mwao hawasemi lugha moja. Kwa hiyo tunapenda kueleza ishara za mwamuzi, ili asiwepo mtu wa kudhani ameonewa kwa sababu ya kabila lake.

Mwaka 1966, mjini London, Uingereza ilicheza na Ajentina katika Kombe la Dunia. Mwamuzi Mjerumani, Rudolf Kreitlein, alimfukuza nahodha wa Ajentina, Antonio Rattín. Hawakuelewana kwa lugha. Nahodha aliomba mkalimani, akakataa kutoka, na mchezo ukasimama. Baadaye Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia waamuzi, alitazama taa za barabarani akapata wazo la kadi: ya njano ni onyo, nyekundu ni kutoka. Zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970, kule Meksiko.

Mkono nao unasema. Ukinyooshwa kuonyesha upande, mpira wa adhabu ni wa moja kwa moja: mpigaji anaweza kufunga mwenyewe. Ukiinuliwa juu ya kichwa, lazima mchezaji mwingine auguse mpira kwanza, la sivyo bao halihesabiwi. Hapo ugomvi huzaliwa. Watu wanashangilia bao, mwamuzi analikataa, wanasema amekula rushwa. Kumbe mkono ulikuwa juu tangu mwanzo!

Lakini ishara wazi peke yake haitoshi. Mwaka 1974, katika Ujerumani Magharibi, Zaire yetu ilicheza na Yugoslavia. Mulamba Ndaye alifukuzwa uwanjani kwa kumpiga mwamuzi teke, na aliyepiga alikuwa mwenzake, Ilunga Mwepu. Kadi ilionekana na wote, ila mtu hakuwa yeye.

Ndugu zetu, hilo linatuhusu hata nje ya uwanja. Mmoja akiiba au akipigana, mara nyingi tunalaumu jirani yake, ama kabila lake lote, na vita vinaanzia hapo.

Tunawaomba viongozi mambo mawili. Kwanza, kabla ya mchezo, mwamuzi na manahodha waonyeshe ishara hizi mbele ya watazamaji wote. Pili, kabla ya kuadhibu mtu yeyote, tuulize: ni nani hasa aliyefanya, na ni nani aliyeona?

Amani iwe kwetu sote.